Litri Ine na Nusu ya Moshi

Jumatatu, 6/10

Bidon ine, sawa kila siku. Mbili juu ya kiti nyuma yangu, moja kila upande. Nimetoka shambani saa kumi na mbili na nusu, ukungu bado imelala. Kwa barrière, kizuizi ya barabara, walinzi walichukua kikombe yao ya maziwa, wakainua kamba. Mupando ya Mikaratusi nimepanda kwa gia ya kwanza, pole pole, pikipiki inakohoa lakini inapanda. Saa mbili na nusu niko kwa fromajeri, pale wanatengeneza jibini.

Bidon ya kuume imekatika tena. Mama Vumilia, ule anapokea maziwa, anachota kijiko moja kwa kila bidon na kuichemsha palepale mbele yako. Maziwa muzima inatulia. Maziwa yenye imeanza kuchacha inakatika vipande vipande. Bidon tatu zilitulia. Ile ya kuume, hapana. Litri makumi mbili zimerudi nyumbani. Leo mchana kilima yetu yote inakunywa kivuguto, maziwa ya kuchacha, na hakuna anayecheka.

Kwa ubao ya fromajeri, pembeni ya jina yangu, Mama Vumilia amechora musitari moja. Mistari tatu ndani ya mwezi moja, jina inafutwa, nafasi inapewa wenye wanangoja. Jina ni yangu lakini maziwa ni ya nyumba kumi na moja. Mama Régine, mujane wa kule juu, ana ngombe moja tu. Sipendi hata kuwaza.

Shida naijua. Ni bomba ya moshi. Hii pikipiki ni ya zamani, ya kunywa esanse, petroli, iliyochanganywa na mafuta ya injini. Ilitoka kwa padri mumoja wa Walikale. Bomba yake ni ndefu. Inatoka mbele ya injini, inapinda, inavimba tumbo sawa nyoka aliyemeza panya, halafu inakuwa nyembamba tena mpaka nyuma. Ile tumbo yote inalala pembeni ya bidon ya kuume na kuipika njia nzima. Nimeweka gunia ya kulowa. Nimeweka majani ya ndizi. Bure. Kesho ninaikata.

Jumanne, 7/10

Ninaandika hii kaye yangu kwa Bauma, Lushebere, juu ya pipa yake. Bauma ni fundi wa kuchomelea, karakana yake iko pale barabara inapakana na kambi. Zamani alitengeneza injini ya mitumbwi kule Bweremana. Maziwa ya leo imepita yote, nilikimbia sana, njo maana niko hapa na moyo mutulivu.

Tumefungua bomba. Nimeziba mudomo ya chini kwa gunzi na udongo, nikamimina maji kwa kipimo yangu ya maziwa. Litri ine na nusu. Nimerudia. Litri ine na nusu. Sisi watu wa maziwa hatubahatishi.

Nimemwambia nataka mupya, fupi na nene, imalizikie mbele ya bidon, litri ine na nusu bila kupunguza. Aliniuliza na urefu je. Nimemwambia litri ni litri. Alitazama bomba ya zamani muda murefu, akachukua chaki. Atakata shingo ya ile ya zamani, yenye inafunga kwa injini, aiweke kwa mupya. Mwili inayobaki imeoza, mawe yameitoboa mara mbili.

Jioni. Imekwisha. Ni fupi, nene, sawa nguruwe mudogo. Nilipima mbele yake: litri ine na nusu, hata tone haikupungua. Kurudi nyumbani, bila muzigo, kwa barabara ya tambarare, ilinitoroka chini ya makalio. Sijawahi kukimbia vile. Nimecheka peke yangu sawa mwenda wazimu. Mama Aline, mke wangu, aliuliza nimekunywa nini.

Jumatano, 8/10

Imekataa kupanda.

Mikaratusi, gia ya kwanza, bidon ine. Pale mawe yanaanza, pikipiki ilipoteza nguvu. Haikuzimika. Ilikuwa inanguruma tu bila kusukuma. Nikaongeza esanse: hakuna kitu, hakuna kitu, halafu ghafla ikaruka, gurudumu ya mbele hewani. Bidon ya kushoto ilipasuka kifuniko. Nikaanza upya. Hakuna kitu, halafu inaruka. Mara tano. Nimeisukuma nusu ya mupando kwa mabega.

Nimefika saa tatu na nusu. Bidon ya kuume ilikuwa baridi, muzuri kabisa. Zile mbili za kiti zimekatika juu ya kuchelewa. Musitari ya pili.

Sielewi. Jana ilikuwa chui. Leo, mbuzi ya kukokota.

Alhamisi, 9/10

Nimepandisha maziwa mara mbili, nusu nusu, Mama Aline anasukuma nyuma kwa mupando. Bidon mbili, nazishusha kule juu, ninarudi chini, zingine mbili. Nimeingia kwa fromajeri dakika kumi mbele ya saa tatu, saa ya kuhesabiwa umechelewa. Mama Vumilia alichemsha kijiko ya mwisho polepole kweli, ao ni mimi niliona vile. Ikatulia.

Mchana nimefungua kila kitu. Karburata, safi. Bujii, ile plagi ya kuwasha moto, nimebadilisha. Nimezidisha mafuta kwa esanse, ikatoa moshi ya kufukuza mbu na nguvu ile ile. Nimepunguza, injini ikapata joto mubaya. Nimepima bomba tena kwa maji. Litri ine na nusu!

Kitu ninajiuliza: moshi ni masalio. Injini imeshakula, inatupa. Sasa fashi, nafasi ya kutupa masalio, inawezaje kuamua nguvu ya mwenye kula? Ukibadilisha choo yako, unashindwa kulima? Nimemuuliza Mama Aline. Alisema nilale.

Ijumaa, 10/10

Tena mara mbili. Mama Aline anaumwa mugongo. Tumefika saa tatu kasoro dakika tano.

Kama bomba ni mubaya, kwa nini kwa tambarare inakimbia kupita zamani? Kama ni muzuri, kwa nini haipandi? Haiwezi kuwa vyote viwili. Lakini njo vile iko.

Kichwa inauma.

Jumamosi, 11/10

Nimeenda kwa Bauma na nimesema mambo.

Nimesema aliweka tole ya chuma nyembamba akabakiza ile nzito. Nimesema alichomelea vibaya makusudi. Kulikuwa watu karibu kumi, wanangoja milango yao na majembe, na mimi sikupunguza sauti. Halafu nikasema lile neno lingine. Kwa ubao ya fromajeri, wa kwanza kati ya wenye wanangoja ni shemeji yake. Watu wa kulima maharage, sasa wameanza kufuga. Nikasema: watu wako wanangoja jina yetu ifutwe, na wewe unawasaidia.

Bauma aliinua ile miwani nyeusi juu ya paji. Alizima mashine.

"Papa Aline," alisema, "uliza kaye yako."

Basi. Akarudia kazi yake. Nilikuwa nangoja agombane, niwe na kitu ya kujibu. Nilirudi na hasira yangu yote.

Niulize kaye nini? Kaye ni yangu, ninajua kilicho ndani.

Jumapili, 12/10

Fromajeri imefungwa. Kanisani Bauma alikuwa benchi ya nyuma yangu. Wakati wa kupeana amani nimegeukia upande mwingine. Mama Aline ameona. Hajanisemesha tangu hapo, hata chakula ameweka tu mezani akatoka.

Jumatatu, 13/10

Mara mbili tena. Saa tatu kamili. Mama Vumilia alitazama saa yake, akanitazama, akachota kijiko. Imepita. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba kesho hatatazama tena pembeni.

Alasiri nilienda kurudisha ngombe. Niliita ile wito ya baba yangu, ile ndefu. Nilikuwa nimeelekea kilima ya karibu: sauti ilirudi kabla sijamaliza kuita, zikagongana kinywani mwangu, ngombe hata hawakuinua kichwa. Nikageukia jabali ya ng'ambo, sawa vile tunafanyaka, nikaita. Nilimaliza, nikafunga mudomo, nikavuta pumzi. Njo ikarudi, safi, na ngombe wakageuka wote. Nimefanya hivi tangu utoto. Leo nimesimama katikati ya majani sawa mupumbavu.

Kilima ya karibu ni kubwa mara tatu kupita jabali. Lakini sauti haiulize ukubwa. Inauliza njia. Njia fupi inarudi mbio mbio, njia ndefu inakawia.

Pikipiki pia inaita. Kila inapotema moshi ni wito ndani ya bomba. Inarudi? Na kama inarudi, inarudi kufanya nini? Sijui. Lakini nimekimbia nyumbani nikafungua kaye, jumanne tarehe saba.

"Aliniuliza na urefu je. Nimemwambia litri ni litri."

Mukono yangu. Wino yangu. Hata ile chembe ya kutu ya pipa yake iko kwa ukurasa. Aliniona nikiandika. Alijua iko humu tangu siku ile, na jumamosi mbele ya watu wote hakusema "nilikuuliza." Alinirudisha kwa kaye yangu nijisomee mwenyewe. Na mimi nimeibeba kwa mukoba siku mbili nzima juu ya kiburi.

Nina haya. Hakuna namna ingine ya kuandika.

Jumanne, 14/10

Maziwa saa tatu kasoro mbili. Mama Aline amelia kwa mupando, si kwa maumivu, kwa kuchoka.

Kwetu muntu haendi kuomba musamaha mikono mitupu. Nilibeba kibuyu ya maziwa ya asubuhi, ile ya kufukizwa moshi ambayo mama yangu alituachia. Nilifika mapema kwa Bauma nikakaa juu ya jiwe nikangoja. Nilimutukana mbele ya watu kumi; sikutaka kumuomba mbele ya wawili. Watu walipojaa, nikasimama nikasoma kaye kwa sauti. Ile mistari mbili tu. Halafu nikasema mimi njo nilikosea, na neno juu ya watu wake lilikuwa uongo na uchafu.

Bauma alikunywa kwanza. Akanipa kibuyu, nikakunywa. Akafuta mudomo.

"Nilikuuliza mara moja tu," alisema. "Ilifaa nikuulize mara mbili."

Ningependa anitukane.

Halafu alinifafanulia, kwa chaki, chini. Injini hii haina milango mingi. Moshi inapotoka, esanse mupya inaingia nyuma yake, mulango ya kutokea bado wazi, na kidogo ya ile mupya inatoroka pamoja na moshi. Kishindo ya moshi inakimbia ndani ya bomba. Pale tumbo inapanuka, inavuta, inasafisha injini. Pale tumbo inasongana, kishindo inagonga, inarudi nyuma, na inasukuma ile esanse ya kutoroka irudi ndani kabla mulango haijafungwa. Sawa muntu wa kusimama inje ya zizi na kurudisha ndama. Akifika kwa wakati, umepona. Akifika mapema ao akichelewa, ndama wameenda.

Na wakati njo urefu. Injini ikikimbia sana, mulango inafunga haraka, inataka mwangwi ya haraka: bomba fupi. Injini ikipanda pole pole na muzigo, mulango inakawia, inataka mwangwi ya kukawia: bomba ndefu. Mimi nilimwagiza mwangwi ya mitumbwi ya mbio, nikaipeleka Mikaratusi. Litri zilikuwa sawa kabisa. Litri hazikuulizwa.

Nimeelewa nusu. Nusu ingine bado inazunguka kichwani. Kitu ya inje inasukuma kitu ya ndani, kwa kurudi nyuma. Nimemwambia arudie mara tatu.

Alitoa mwili ya bomba ya zamani kwa lundo ya vyuma. Hakuwa ameitupa. Tumepima urefu kwa kamba, kupinda kwa kupinda. Ya mupya itapita chini ya injini, na bati ya kuikinga mawe, itokee kushoto, iinuke nyuma mbali na bidon zote. Urefu ule ule. Lakini kupinda chuma nzito ni kazi ya makaa na siku moja. Pikipiki imelala kwake. Kesho tutatembea.

Jumatano, 15/10

Nyumba zote kumi na moja zilitoka bado usiku, kila mumoja na maziwa yake mugongoni, kamba kwa paji. Hakuna aliyenilaumu. Mama Régine alikuwa mbele. Mvua ilianza kule kwa mto. Maji ilijaa, tukangoja ipungue, tumesimama tu, maziwa mugongoni, saa inapita.

Tumefika saa ine. Mama Vumilia alichemsha vyote, hakuruka hata kimoja. Nusu imekatika. Alichora musitari ya tatu, halafu akachukua kitambaa ya kulowa na kufuta jina. Alilia kidogo. Ubao ilibaki na alama ya maji.

Ningeuliza kaye jumamosi, bomba ingekuwa tayari jumatatu. Nimepiga hesabu hiyo njia nzima ya kurudi. Haina fashi ya kutokea.

Alhamisi, 16/10

Bomba iko tayari. Hatuna maziwa ya kupeleka, basi nilijaza bidon ine maji ya mto na kupanda Mikaratusi. Gia ya kwanza. Pale pa mawe nilikaza meno. Ilivuta tu, polepole, bila kelele, mpaka juu.

Nilizima pale juu. Nikamwaga maji, litri makumi munane, kwa majani. Sikusikia furaha yoyote. Nilikuwa na pikipiki muzuri kabisa ya kubeba kitu ambacho hakuna tena muntu anataka.

Ijumaa, 17/10

Kivuguto kila nyumba. Watoto wameanza kuikataa.

Alasiri Bauma alikuja na shemeji yake, jina Kapenda, muntu wa maneno machache. Jina yake iko sasa kwa ubao. Mama Aline aliwatilia chai. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kapenda alisema watu wake hawana pikipiki, na Bauma amemwambia kuna moja tu ya kupanda Mikaratusi bila kupika maziwa. Nikasema nitabeba. Ningesema nini?

Halafu akasema nafasi ni ya bidon ine, na ngombe wao wanajaza tatu.

Akakunywa kidogo. Bauma naye alitazama chai yake. Mama Aline njo alielewa wa kwanza, akatoka inje kwa mulango ya nyuma, na nikasikia anaita kule juu, kilima hadi kilima, jina ya Mama Régine.

Sikustahili. Hata aksanti sikumwambia vizuri.

Jumamosi, 18/10

Nyumba kumi na moja, bidon moja. Tumekaa asubuhi nzima kwangu. Kila siku nyumba mbili, kwa zamu, isipokuwa Mama Régine: yeye kila siku, litri zake tatu. Hakuna aliyebisha. Mwengine aliuliza kama jina yetu inaweza kurudi siku moja. Nikamwambia sijui. Ni kweli sijui.

Bauma nimemupa mukono jana alipokuwa anaondoka. Ile ya amani, yenye nilimunyima jumapili kanisani.

Jumatatu, 20/10

Ukungu. Bidon tatu ya Kapenda, moja yetu. Kwa barrière walichukua kikombe yao.

Mikaratusi, gia ya kwanza. Nilisikiliza bomba njia nzima. Inatema, na katikati ya kutema na kutema kuna kitu inarudi, sikusikia kitu hiyo miaka yote. Ao ninaisikia tu juu ya kuambiwa. Bado sielewi vizuri namna gani kitu kilichotoka kinarudi kusaidia. Nimeacha kujiumiza.

Saa mbili na robo. Kwa ubao, jina ya Kapenda, hakuna musitari. Mama Vumilia alichota kijiko ine, moja moja. Tatu zilitulia. Ya ine, yetu, maziwa ya Mama Régine na nyumba mbili, niliiweka makusudi upande wa kuume. Kabla hajaichemsha, niliweka kiganja kwa bidon.

Ilikuwa baridi.